Picha za Harusi Zisizopangwa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yaliyo hapa chini huulizwa na maharusi, wazazi na kamati za harusi wanaofikiria kutuajiri sisi wapigapicha, wengi wao wakiwa Dar es Salaam, Tanga, Moshi na Unguja. Tumejibu kwa urefu pale ambapo jibu fupi lingepotosha.

Picha za kidokumentari ni zipi hasa, na zinatofautianaje na picha za kawaida za harusi?

Ni picha ambazo mpigapicha hapangi, hasimamishi wala harudishi nyuma jambo lolote linalotokea. Pete ikigoma kuingia kidoleni, hatumwombi bwana harusi aivue na kuivisha tena kwa madaha. Mama akifuta machozi kwa ncha ya kanga, hatumwelekezi ageukie dirishani. Tunachoamua sisi ni mahali pa kusimama, lenzi ya kutumia na nukta ya kubonyeza kitufe, na yaliyobaki yote ni ya wenye shughuli.

Tunausisitiza mpaka huu kwa sababu siku hizi huitwa "za asili" hata picha ambazo maharusi wameagizwa watembee polepole ufukweni, watazamane, kisha wacheke kwa pamoja mpigapicha akihesabu hadi tatu. Picha hizo zinaweza kupendeza sana, nasi hatumlaumu anayezitaka, lakini ni pozi, na anayezilipia anastahili kujua kwamba analipia pozi.

Mtindo huu umetoka wapi? Wazazi wetu wanasema picha ya harusi ni watu kusimama na kutulia.

Wazazi wana haki ya kusema hivyo, kwa kuwa picha ya kupozi ina historia ndefu na ya heshima katika mwambao wetu. Capital Art Studio ya Mji Mkongwe, Unguja, ilifunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, na huko Mombasa studio ya N. V. Parekh ilipokea watu waliokwenda kupigwa picha za kumbukumbu wakiwa katika nguo zao bora. Filamu ilikuwa ghali, taa zilikuwa nzito, na kila picha iliyoharibika ilikuwa hasara, hivyo kutulia mbele ya kamera kulikuwa sehemu ya kazi.

Kilichofungua njia nyingine ni kamera ndogo. Leica ilipoingia sokoni mwaka 1925, ikitumia filamu ya milimita 35, wapigapicha wa magazeti waliweza kutembea katikati ya watu na kupiga bila kusimamisha jambo lolote. Harusi zilichelewa kuufuata mtindo huo. Mojawapo ya picha zilizoutangaza huko Marekani ni ile aliyoipiga Denis Reggie mwezi Septemba 1996, John F. Kennedy Mdogo, mwana wa rais wa zamani wa Marekani, akiubusu mkono wa Carolyn Bessette walipokuwa wakitoka katika kanisa dogo la mbao kwenye kisiwa cha Cumberland, jimboni Georgia. Mwanga ulikuwa hafifu na hakuna aliyeagizwa afanye lolote, na wapo waliokwenda kwa wapigapicha wao baada ya hapo wakiomba kitu cha namna ile.

Mnajuaje mahali pa kusimama kama hakuna kinachopangwa?

Hapa ndipo ilipo kazi yenyewe. Watu hudhani kwamba picha ya tukio la kweli hupatikana kwa bahati au kwa wepesi wa kidole, ilhali mara nyingi imekwisha kuamuliwa wiki kadhaa kabla, tulipoketi na shangazi mmoja anayejua mambo ya ukoo na kumuuliza nini hufuata nini, nani humshika nani mkono, na nani hatakiwi kuketi karibu na nani.

Chukueni mfano wa harusi ya pwani. Baada ya nikahi, bwana harusi hupelekwa kwenye chumba alichomo bibi harusi na kuukuta mlango umefungwa, wanawake walio ndani wakidai kifungua mlango. Mabishano hayo ni ya mzaha, hudumu dakika chache tu, na ndani yake zimo sura ambazo hazitarudi tena siku hiyo: bwana harusi anayejipapasa mifuko ya koti, rafiki zake wanaochangishana noti haraka haraka, somo, yaani mwanamke anayemfunda bibi harusi, anayezihesabu na kutangaza kwamba hazitoshi. Mpigapicha asiyeijua desturi hiyo hufuata msafara kutoka nyuma na kuambulia migongo ya kanzu. Anayeijua huwa na mwenzake wa kike ndani ya chumba kwa ruhusa ya wenyewe, amesimama pembeni ya mlango, hivyo mlango ukifunguka anamwona bwana harusi usoni na bado anamwona bibi harusi kwa upande. Dakika inayofuata, bwana harusi anapoweka mkono kwenye paji la uso la mkewe na kumwombea dua, huwa hatusogei kabisa, kwa kuwa hatua moja ya mpigapicha katika chumba kidogo husikika kuliko kelele zote za nje.

Moshi mambo ni mengine. Ndafu, yaani mbuzi mzima aliyechomwa, huingizwa ukumbini kwa nyimbo huku amewekewa majani mdomoni, na kamera zote pamoja na simu zote humwelekea yeye. Sisi hupiga picha moja au mbili za ndafu, kisha tunazigeukia meza za ukoo wa upande wa pili, hasa ikiwa ukoo huo umetoka Mtwara au Pemba na unaliona jambo hilo kwa mara ya kwanza. Mshangao wa mzee aliyevaa kofia ya kiua, anayemnong'oneza jirani yake bila kuyaondoa macho kwa mbuzi, ni sehemu ya historia ya familia hiyo mpya.

Dar es Salaam tunaomba nafasi kwenye gari la matarumbeta, si kwenye gari la maharusi. Ndani ya gari la maharusi kuna watu wawili waliochoka wanaotengenezana nguo, na mmoja wetu akiwapo huwanyima hata dakika hizo chache za kupumua. Kutoka kwenye pikapu ya wapiga tarumbeta huonekana barabara nzima: wapambe waliotoa nusu ya miili yao dirishani, watoto wanaokimbia pembeni ya msafara, na dereva wa bodaboda anayepunga mkono kwa watu asiowajua.

Je, hatutapata picha za pamoja za familia?

Mtazipata. Hatuoni fahari ya kumrudisha bibi kijijini bila picha yake na mjukuu wake eti kwa sababu mtindo wetu hauruhusu kupanga watu. Tunachoomba ni muda unaojulikana, dakika ishirini hadi thelathini mara tu baada ya kanisani au nikahi, orodha isiyozidi makundi kumi na mawili, na ndugu mmoja mwenye sauti kubwa anayewafahamu watu wa pande zote mbili kwa sura. Kazi hiyo asipewe MC, kwa kuwa yeye hawajui watu. Wazee waanze, wapigwe picha wakiwa wameketi, kisha waachwe waende kula.

Kamati ya harusi ndiyo inayolipa. Nani atakuwa na neno la mwisho?

Swali hili ni gumu kuliko linavyoonekana, na tungependa lijibiwe kabla ya malipo ya kwanza. Harusi nyingi za Tanzania hujengwa kwa michango, na kamati iliyokusanya michango hiyo kwa miezi kadhaa ina haki ya kutaka kila aliyechanga aonekane. Ndiyo maana ratiba ya ukumbini hujaa matukio ya foleni: kugonga glasi meza kwa meza, kulishana keki na wawakilishi wa kila kundi, kukabidhi zawadi huku kila kundi likiingia kwa wimbo wake. Mpigapicha akilazimika kumpiga kila mtu uso kwa uso katika foleni hizo, saa mbili au tatu hupita bila picha nyingine yoyote.

Tumeona kwamba mapatano ya namna mbili husaidia. Ama kamati inaajiri mpigapicha mwingine kwa ajili ya foleni na picha za meza, nasi tunakuwa huru. Ama tunakubaliana kwamba foleni ya zawadi itapigwa kundi kwa kundi, si mtu kwa mtu, na mmoja wetu tu ndiye atakayekaa hapo. Tunaomba mwenyekiti wa kamati na maharusi wote wawepo siku ya makubaliano. Maharusi wakitaka utulivu na kamati ikitaka orodha, mpigapicha aliyeachwa katikati hawezi kumridhisha yeyote.

Mnapiga picha kwenye shughuli za wanawake peke yao?

Ndiyo, na kazi hiyo hufanywa na wapigapicha wetu wa kike pekee, bila fundi wa taa wala dereva kuingia. Katika kicheni pati, usiku wa hina au siku ya singo, mafundisho ya somo hayapigwi picha kabisa, wala hatuhitaji kuelezwa sababu. Kinachobaki ni kingi: mikono ya mchora piko, harufu ya udi isiyopigika lakini inayoonekana katika namna watu wanavyofumba macho, shangazi aliyekuja akiwa amenuna na kuishia kucheza. Faili za shughuli hizi huhifadhiwa mbali na nyingine, hazihaririwi na mwanamume, na hukabidhiwa mikononi mwa bibi harusi mwenyewe. Haziwekwi mtandaoni hata kama sura hazionekani.

Watu wakiiona kamera hubadilika. Mnafanyaje?

Tunafika mapema kuliko inavyohitajika. Saa ya kwanza watu hutengeneza mitandio na kuingiza matumbo, nasi huwapiga picha wanazozitaka na kuwaonyesha. Saa ya pili huanza kutuzoea, na kufikia saa ya tatu wanatutuma chumvi. Hatutumii flashi nyumbani, kamera zetu ni ndogo, na lenzi tunazozipenda ni za milimita 35 na 50, ambazo humlazimu mpigapicha awe karibu na kuonekana. Kumvizia mtu kwa lenzi ndefu kutoka kona ya mbali kuna matumizi yake kanisani, ila nyumbani kwa watu tunaona si adabu.

Taa za ukumbini ni za zambarau na buluu. Picha zitakuwaje?

Kwa uwazi: taa hizo ndizo zinazotutesa kuliko giza lenyewe. Giza tunaliweza, kwa kuwa kamera za sasa hufanya kazi vizuri hata ISO, yaani kipimo cha wepesi wa kamera kunasa mwanga, ikiwa 6400, na kasi ya 1/250 ya sekunde hutosha kumkamata mtu anayecheza. Taa ya LED ya rangi moja, kinyume chake, huufunika uso wote kwa rangi hiyo, na hakuna uhariri utakaorudisha rangi ya ngozi ambayo haikurekodiwa. Kuna tatizo la pili pia. Umeme wetu ni wa hezi 50, hivyo taa nyingi za bei nafuu huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, lakini kamera iliyowekwa kwenye hali ya kimya hutoa mistari myeusi juu ya picha. Kwa hiyo ukumbini sisi hurudi kwenye shata ya kawaida, yaani pazia la ndani ya kamera, yenye mlio, ambayo muziki huifunika.

Ombeni jambo moja tu kwa mpambaji wenu: jukwaani pawe na taa mbili nyeupe zenye ujoto, zikielekezwa kwenye nyuso za maharusi kutoka pembeni, na rangi zibaki ukutani nyuma yao. Gharama yake ni ndogo, na faida yake huonekana katika kila picha ya jioni hiyo.

Jambo linalohusiana na hilo ni vipimo vya mwanga. Gauni jeupe huidanganya kamera, ikadhani mahali pana mwanga mwingi, na nyuso za watu weusi zikatoka kama vivuli. Sisi hupima mwanga kutoka usoni, hata kama gauni litapoteza nyuzi chache za lesi.

Kanisani na msikitini mna masharti gani?

Masharti ni ya wenye nyumba. Parokia nyingine haziruhusu mpigapicha kupita ngazi za altare, nyingine hukataza kutembea wakati wa viapo, na tunakwenda kumwona padri au mchungaji kabla ya siku yenyewe. Katika nikahi, picha tunayoitafuta ni ile ya walii, yaani msimamizi wa bibi harusi, na bwana harusi walioshikana mikono wakati wa kuozeshwa, na kwa hiyo tunahitaji kuketi chini mapema, upande wa mikono yao, pamoja na waalikwa wengine. Anayeingia baadaye akiwa amesimama huwa amekwisha kuikosa.

Wageni wote watakuwa na simu. Je, ni tatizo?

Ni tatizo kwenye njia ya katikati ya kanisa, kwa muda wa dakika moja hivi bibi harusi anapoingia na baba yake. Tangazo fupi la mchungaji au mshenga kabla ya kuanza hutosha. Kwingineko simu hazitusumbui, na nyakati nyingine ndizo habari yenyewe: Unguja ni kawaida kuona simu imeegemezwa kwenye birika ili jamaa walioko Muscat washuhudie nikahi, na sura ya bibi mzee iliyojaa kioo cha simu, akijaribu kusoma kinachotokea, ni picha ambayo kizazi kilichopita hakikuwa nayo.

Mtapiga picha za huzuni au ugomvi?

Huzuni, ndiyo. Harusi ambayo baba hayupo tena huwa na nukta zake, kwa mfano kaka mkubwa anapomtoa dada yake na kusita mlangoni, na familia nyingi huja kuzithamini picha hizo kuliko za keki. Ugomvi, mlevi aliyeanguka, au mzozo wa mahari uliozuka nyuma ya nyumba hatuupigi. Halisi haina maana ya kila kitu, na aliyetukaribisha kwake hakutukaribisha tumuumbue.

Katika uhariri mnabadilisha nini?

Mwanga, rangi na mkato. Hatumwondoi mtu aliyekuwepo, hatumwongezi asiyekuwepo, na hatung'arishi ngozi. Ombi hili la mwisho huja mara nyingi kuliko tungependa, wakati mwingine kutoka kwa ndugu na si kwa bibi harusi mwenyewe. Jibu ni lilelile: rangi aliyotoka nayo nyumbani kwao ndiyo itakayokuwa kwenye albamu. Chunusi iliyoota asubuhi hiyo tunaweza kuifuta, kwa kuwa baada ya wiki isingekuwepo.

Tutapata picha ngapi na baada ya muda gani?

Harusi ya kutwa hutoa picha 400 hadi 600 zilizochaguliwa, na huchukua wiki sita. Hatutoi faili zote zilizopigwa, kwa sababu sehemu kubwa ni picha tatu au nne za jambo lilelile, macho yakiwa yamefumba katika mbili. Picha ishirini za kwanza hutumwa ndani ya siku tatu ili wazazi wawe na cha kuonyesha.

Mnaweza kuahidi kwamba tukio fulani litanaswa?

Hapana. Tunaahidi saa za kazi, wapigapicha wawili, kamera mbili kwa kila mmoja, na kwamba tumeisoma ratiba yenu. Kama kuna jambo ambalo hamwezi kulikosa, kwa mfano nyanya anayesafiri kutoka Bukoba na asiyekaa hadi usiku, tuambieni jina lake na anapoketi. Kutuambia hakuipangi picha, bali kunampanga mpigapicha.

Picha ni mali ya nani, na mtaziweka mtandaoni?

Mkataba wetu huwapa maharusi haki ya kuzichapisha na kuzisambaza bila kikomo kwa matumizi yao. Kwa harusi za Kenya tunaandika kifungu cha pekee, kwa kuwa Sheria ya Hakimiliki ya huko ya mwaka 2001 humpa hakimiliki aliyeagiza kazi, isipokuwa mkataba uwe umesema vingine. Kuhusu mtandao, hatuweki picha yoyote bila idhini ya maandishi ya maharusi wote wawili, na picha ya mtoto huhitaji idhini ya mzazi wake. Huko ndiko pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 inakotuelekeza, kwa maana sura inayotambulika ni taarifa ya mwenyewe. Kukataa hakubadilishi bei.

Mnazihifadhije?

Kila kamera huandika kwenye kadi mbili kwa wakati mmoja. Usiku huohuo faili hunakiliwa kwenye diski mbili zinazolala nyumba tofauti, na nakala ya tatu hupanda mtandaoni umeme na intaneti vikiruhusu. Baada ya kukabidhi tunazitunza kwa miaka miwili, kisha tunawaandikia barua pepe siku thelathini kabla ya kuzifuta. Hakikisheni anwani mliyotupa ni yenu, si ya katibu wa kamati.